Mistari ya Mbali-mbali

Blanketi la kijivu likilowa linanuka mbuzi. Mliopitia kambini mnajua ni blanketi gani ninalosema, lile la msaada, linalowasha shingo na kuacha manyoya hadi kwenye ugali. Juzi jirani yangu alianika la kwake, mvua ikalikuta kambani, na harufu ikaruka ukuta ikanifuata jikoni nilikokuwa nachambua maharagwe. Mikono ilisimama yenyewe. Msinielewe vibaya, sikuwa na huzuni. Mimi si mtu wa machozi. Nilijikuta tu nimerudi mkekani kwa mama, hapa hapa Bunia, mtoto wa mwaka wa nne wa shule ya msingi, nikikata blanketi kama lile kwa mkasi usiokata.

Wakati huo tulikuwa tumetoka ng'ambo ya ziwa tulikokimbilia, na watu walisema vita vimeisha. Walisema kwa sauti ya chini, kama wanavyosema mtoto amelala. Soko lilikuwa limefunguliwa, kengele ya misa iligongwa kwa saa zake, magari meupe ya wanajeshi wa kigeni yalipita asubuhi na jioni. Lakini tairi la baiskeli likipasuka mchana, barabara nzima ililala chini, kisha watu wakainuka wakikung'uta magoti na kuchekana. Nami nililala, nikainuka. Sikucheka na sikuogopa. Nilikuwa kama mtu aliyekalia mguu hadi ukafa ganzi: anatembea nao, lakini hausikii.

Mama yangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Lotsove kwa jina langu mimi kifungua mimba wake, alikuwa na cherehani ya kukanyaga. Kabla ya kukimbia alikuwa amekipaka kichwa cha cherehani mafuta, akakifunga kwa plastiki na kukifukia nyuma ya choo. Tuliporudi tulikifukua kikiwa kizima. Miguu ya chuma tuliikuta kwa jirani ikiwa imebeba meza ya kuuzia mikate. Jirani aliondoa mikate yake mmoja mmoja bila kutuangalia usoni, tukabeba miguu yetu, na kesho yake mama akanituma kwake kununua mkate. Ndivyo tulivyoishi.

Vipande vya kitambaa tulivipata kwa mafundi wa kushona waliokaa kwenye veranda za maduka karibu na soko. Wao walikata pagne, vitenge vya watu wenye harusi na matanga, masalio yakaanguka chini ya meza, nami nikayaokota na kuyatia katika gunia. Kwa masalio hayo mama alishona mablanketi madogo ya watoto wachanga, ambayo sisi tuliyaita tubulangeti. Wateja hawakukosekana. Miaka ile wanawake walizaa kana kwamba walikuwa wamekubaliana kwenye mkutano.

Kabulangeti lina tabaka tatu. Ile ya kugusa ngozi ya mtoto ilikuwa pagne kuukuu, iliyofuliwa mpaka ikalegea. Ile ya juu ndiyo yenye urembo, vipande vilivyounganishwa, kuku wa kijani wa kitenge hiki kando ya maua mekundu ya kile. Katikati tuliweka blanketi la kijivu la kambini. Kila nyumba ilikuwa nalo na hakuna aliyetaka kuliona tena, kwa hiyo watu walituletea kwa moyo mweupe, sisi tukalikata na kulificha tumboni mwa kitu kizuri.

Mama alizishikiza tabaka kwa mishono mirefu ya muda, kisha akachukua kipembe cha sabuni kavu na kuchora mistari ambayo sindano ingeifuata ikipenya toka juu hadi chini. Hapo ndipo penye kazi. Kuunganisha vipande hata mimi niliweza, ila mistari ilichaguliwa na mwenye mtoto. Nyumbani kwetu ilikuwa na majina. Kulikuwa na "shamba", mistari iliyobanana na kukatana hadi blanketi zima likawa vijishamba vidogo vidogo. "Mifupa ya samaki" iliombwa na wanawake wa Tchomia, kule ziwani, wanaojua samaki alivyo hata akiwa hayupo. Na kulikuwa na "barabara", mistari michache iliyonyooka, ikiachana kwa upana wa kiganja, ambayo hata mvivu angeimaliza kabla sufuria haijachemka.

Mwanamke akija na tumbo lake, mama aliweka mifano mkekani na kuuliza, "Tukupigie mistari gani?" Nilipenda sana kusikia majibu. Sikuwa na mambo mengi ya kupenda.

Nakumbuka mmoja ambaye mumewe alichimba dhahabu huko Kilo. Alivaa kitambaa kipya kichwani na alizungumza kwa sauti ya kutosha nyumba tatu. "Pigeni shamba! Karibu-karibu! Siye tunabaki, hatutoki tena." Mama alichora shamba, na kazi ile ikamla macho kwa juma zima.

Mwingine aliteremka kutoka Kpandroma na magunia ya viazi, akaingia kwetu soko lilipokwisha. Alishika ile ya shamba, akaipapasa muda mrefu, akaitia hata shavuni. Kisha akairudisha. "Yangu ipige mistari ya mbali-mbali, mama."

"Barabara?"

"Ndiyo. Ile inatosha."

Moyoni nikamhesabu kuwa mtu asiyejua kizuri. Wengi walichagua kama yeye. Waliipapasa shamba, waliisifu, halafu wakataka barabara, na mama hakumsihi hata mmoja abadili. Mimi niliona aibu kwa niaba ya mablanketi. Kazi yote ile ya kupanga rangi, kisha unapigiwa mistari minne mitano kama gunia la makaa!

Mama naye alikuwa na mimba mwaka huo. Baba alikuwa ameanza kufyatua matofali kando ya mto Nyamukau ili ajenge nyumba ya kudumu mahali pa ile iliyoungua. Kila jioni alirudi na udongo hadi nyusini, akatueleza vyumba: hiki cha wasichana, hiki cha wageni. Mama alimsikiliza kwa adabu. Lakini nguo zetu alikuwa hajazitoa kwenye furushi tulilorudi nalo. Alichukua ya kuvaa, tukavaa, akaifua, akaikunja na kuirudisha ndani ya furushi. Baba alimnunulia kabati la mbao, akaweka ndani yake chumvi.

Hapo ndipo ugomvi wao ulipolala, kimya kimya. Baba alitaka tuwe tumerudi. Mama hakuamini kwamba tumerudi. Sote tulilijua hilo na hakuna aliyelitamka mezani, mpaka blanketi la mtoto lilipolitamka.

Lazima niwaambie kuhusu Jozefu, mdogo wangu. Tulipokimbia alikuwa bado hajatambaa. Blanketi lake lilikuwa la shamba, shamba kamili, mistari iliyobanana hata ncha ya kidole isipate pa kulala, lililoshonwa na Shangazi Mave kabla ya vita. Tulikuwa tukiteremka kilima kuelekea Tchomia, watu wengi, mvua ikinyesha. Mama, aliyekuwa mbele yangu, alisimama ghafla, akalivua blanketi kwa mtoto, akalitupa juu ya jiwe, akaendelea. Nilipofika kwenye jiwe nilitazama. Rangi zilikuwa zimekolea kwa maji, kila kijishamba kimevimba vizuri. Nililihurumia blanketi lile. Ndugu yangu alikuwa akikohoa mikononi mwa mama, nami nikasikitikia kitambaa. Jozefu alifia ng'ambo, kwa homa ya kifua, juma la kwanza. Walipomzika nilikuwa nimesimama karibu na mwanamke aliyekuwa akimenya muwa, na kitu ninachokikumbuka ni sauti ya muwa.

Sasa, Shangazi Mave. Huyu ni dada mkubwa wa baba, mwanamke mnene mwenye mikono midogo ya ajabu, na ndiye aliyemfundisha mama kushona tubulangeti alipoolewa kwetu. Vita vilipokuja yeye hakukimbia. Alikaa ndani ya uwanja wa parokia pamoja na mamia ya watu, akapika vyungu vikubwa vya uji, akagombana na kila mtu kuhusu foleni, akatoka hai. Katika ukoo wa baba, blanketi la kwanza la mtoto hutoka kwa shangazi, na Shangazi Mave si mtu wa kusahau haki yake.

Basi Jumapili moja baada ya misa alikuja na bahasha ya kitambaa kifuani. Alimkalisha mama kwenye kiti, akamfungulia. Nawaambia, sijaona kitu kama kile tena. Alikuwa amechagua vipande vya bluu na vya manjano tu, akavishona kwa mkono, akapiga shamba iliyobanana kuliko zote. Ukikishika kilisimama chenyewe.

"Hiki kitakaa mpaka mutoto wa mutoto wako," alisema Shangazi. "Hata ufue kila siku."

Mama alisema aksanti. Alikipokea kwa mikono miwili, akainama kama inavyopasa, akakiweka juu ya kabati. Shangazi alikula, akacheka, akaondoka na maziwa.

Kesho yake nilitoka shuleni nikamkuta mama mkekani na wembe. Alikuwa akifumua. Alikata mshono, akavuta uzi, akakata mwingine, na nyuzi zilijaa gaunini kama nywele kwa kinyozi. Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayechambua mchele. Nilikaa karibu naye. Aliniangalia, akanipa ncha ya uzi nivute, nikavuta. Tulifanya hivyo mpaka jua likashuka, na alipomaliza akachukua kipembe cha sabuni akachora barabara. Akaishona siku hiyo hiyo, kabla ya kuwasha moto wa jioni.

Shangazi Mave aliligundua Jumapili iliyofuata. Alikishika kile kitambaa kilicholegea, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Mama Lotsove. Umeharibu kazi yangu."

"Sikuiharibu, shangazi ya batoto. Nimeipunguza."

"Juu ya nini?"

"Ilikuwa nguvu sana."

"Nguvu! Bulangeti ikuwe nguvu, ni mubaya? Mutoto wa ndugu yangu atalala mu gunia ya makala?"

Baba, aliyekuwa akiosha miguu uani, aliingia na maji yakimchuruzika. Alisema kwa upole, na nadhani alikuwa ameyabeba maneno hayo muda mrefu, "Mama Lotsove, vita ilikwisha."

"Nani alikuambia?" mama akauliza.

Aliuliza kweli, kama mtu anayetaka jina. Baba akamtazama dada yake, dada yake akamtazama yeye. Kisha Shangazi akachukua mkoba wake, akasema nyumba hii haina haja na shangazi, akatoka bila kula. Mimi nilikuwa upande wake. Niliona mama amekidharau kitu kizuri kuliko vyote tulivyokuwa navyo, na niliona zaidi ya hapo, ingawa sikulisema: kwamba hakumtaka mtoto huyu vya kutosha hata kumchagulia mistari mizuri. Nilijiuliza alinichagulia mistari gani mimi.

Dieumerci alizaliwa majira ya mvua. Shangazi Mave alikuja kumwona kwa sababu shangazi asipokuja ni msiba. Alimbeba, akamwimbia, akamtafuta sura ya marehemu babu na akaipata masikioni. Lakini hakumfunika kwa blanketi lile. Alimzungushia pagne yake mwenyewe aliyoifungua kiunoni, akabaki na gauni la ndani mbele ya wageni, ili kila mtu aone.

Mama hakujali. Alimfunga Dieumerci mgongoni kwa kabulangeti lile siku zote, fundo moja juu ya kifua, akafua nalo, akashona nalo. Baada ya kila kufuliwa, manyoya ya kijivu yalikusanyika mafungu mafungu kati ya mistari ile ya mbali, na mama ilimbidi ayasambaze kwa vidole. Shangazi alikuwa ameonya. Mistari ikiachana sana, cha ndani kinatembea.

Kisha kiangazi kimoja, Dieumerci akiwa ameanza kukimbia na kuanguka, nilimkuta mama amelikunjua magotini na sindano mkononi.

"Imepasuka?" nikauliza.

"Hapana."

"Sasa unafanya nini?"

"Ninaongeza kamustari."

Alishona mstari mmoja, juu kabisa, katikati ya mistari miwili ya zamani. Akakata uzi kwa meno, akalikunja. Mwaka ule matofali ya baba yalichomwa na ukuta ukafika madirishani. Mwaka uliofuata, au ule wa baadaye, nilimwona tena akiongeza. Mtoto alikuwa halitumii tena, miguu ilitokeza. Nikadhani ni mazoea ya mikono, kama wengine wanavyosuka ukili wakizungumza. Siku moja Shangazi Mave, ambaye kufikia hapo alikuwa amerudi kula kwetu kana kwamba hajawahi kununa, alimwona, akavuta kiti, akatunga uzi wake. Mama aliweka kiganja juu ya kitambaa.

"Acha, shangazi ya batoto. Iende polepole."

Na Shangazi, ambaye hakuwahi kumwachia mtu neno la mwisho, aliacha. Alikaa tu akitazama sindano ya mama. Nilishangaa kuliko ningeshangaa akipigana.

Nilikua, nikaolewa mtaa wa pili, nikazaa wangu, nikaacha kufikiri habari za mablanketi. Halafu kule Djugu kukachafuka tena, na watu wakaanza kuingia Bunia kwa miguu, kwa pikipiki, juu ya malori ya mbao. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara na wengine, tukitazama kama wanavyotazama watu ambao hawajui la kufanya. Msichana mmoja aliteremka kwenye lori. Alifungua fundo kifuani, akamshusha mtoto, akamkausha uso, akamrudisha mgongoni, akavuta ncha mbili za kabulangeti na kulifunga. Ilimchukua muda wa kupiga chafya. Kitambaa kilimkumbatia mtoto toka shingo hadi nyayo, kikakaa. Kilikuwa kikuukuu, labda cha mama yake. Mistari ilikuwa ya mbali-mbali.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama. Alikuwa amekaa kwenye nyumba ya baba ya matofali, ndani ya kile chumba cha wageni. Nikamwuliza kwa nini alifumua lile la Shangazi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha.

"Ile ya Jozefu ilikuwa nguvu," akasema. "Shamba, ile. Haikubali kukunjika. Mu kilima nilijaribu kuifunga mu mugongo, fundo inafunguka. Nafunga, inafunguka. Nikamubeba mu mikono, na weye nikakuachilia mukono. Mvua ikakuya, bulangeti ikakunywa mayi, ikakuwa nzito kupita mutoto. Nikaitupa. Akabaki na kashati."

Akanyoosha pagne yake magotini.

"Mave alikuwa ku parokia. Hakujua. Bulangeti yake ilikuwa ya mutu mwenye anabaki."

Nikaelewa, na nikaelewa vyote kwa pamoja, jambo ambalo silipendekezi kwa mtu. Wale wanawake walioipapasa shamba, wakaisifu na kuirudisha hawakukosa jicho la uzuri. Waliijua njia. Kila mmoja aliyekaa mkekani kwetu na kuulizwa mistari gani alikuwa anaulizwa kama anaamini, na alijibu ukweli, hata kama barabarani alisema vita vimeisha kama sisi sote. Na mama, ambaye nilidhani hakutaka kumpamba mwanawe, alikuwa amemshonea kitu ambacho kisingefunguka kifuani.

Nikamwomba anionyeshe lile la Dieumerci, ambaye sasa akiingia mlangoni huinamisha kichwa. Alilitoa kabatini. Ndiyo, kabatini, pamoja na nguo zake zote. Nililikunjua kitandani. Kuanzia juu mistari ilikuwa imebanana, mmoja kwa mwaka, miaka mingine hata miwili, shamba safi ya mkono wake. Ilishuka hivyo hadi kupita kidogo katikati. Kutoka hapo kwenda chini ilikuwa ile barabara ya kwanza, kitambaa kimelegea, manyoya ya kijivu yamejikusanya mafungu. Sikuhitaji kumwuliza ni mwaka gani aliacha. Nilikuwa nimetoka kuuona barabarani.

"Maliza weye," akaniambia. "Macho yangu haione tena tundu ya sindano."

Si kweli, mama anaona hadi leo. Nililichukua nikaja nalo kwangu, liko hapa kwenye kiti ninapowaandikia. Uzi nimenunua, wa bluu, unaofanana na ule wake. Nimekwisha chora mstari unaofuata kwa sabuni. Lakini kila nikishika sindano naisikiliza barabara kwanza, halafu naiweka sindano chini, naenda kuona kama watoto wamelala.